Ifakara inapishana na biashara iliyo mtoni kwake

MTU wa Ifakara akisimuliwa kwamba kuna watu wanaosafiri kutoka Ulaya hadi Mafia, au hadi kisiwa kidogo cha Mnemba kule Zanzibar, wakavaa mtungi wa hewa mgongoni, wakazama baharini kutazama samaki, kisha wakatoka mikono mitupu na kulipa kwa dola, jambo la kwanza atakalouliza ni hili: na samaki wenyewe hawakuwavua?

Swali hilo si la kijinga. Katika bonde la Kilombero samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, na kwa mama anayekaanga perege stendi ni mtaji wa kesho. Aliyekulia kwenye mtumbwi haoni raha ya kumtazama kambale bila kumtia kwenye tenga.

Hata hivyo, ipo sehemu ya habari hiyo ambayo wafanyabiashara wadogo wa bonde hili hawajasimuliwa, na ndiyo yenye fedha. Wapiga mbizi wengi (si wale vijana "wanaozamia" meli kwenda Ugiriki, hao ni habari nyingine) hawafiki Mafia hata mara moja katika maisha yao. Hufanya mchezo wao karibu na nyumbani, mahali ambapo mara nyingi majirani wanapaona hapana maana yoyote.

Mfano mzuri uko Uingereza. Katika jimbo la Leicestershire, katikati ya nchi na mbali na bahari, kuna shimo la machimbo ya mawe liitwalo Stoney Cove. Uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa miaka ya 1950, chemchemi zikalijaza maji. Kwa mkulima wa pale lilikuwa shimo tu, tena la hatari kwa watoto. Wapenzi wa kupiga mbizi wakaanza kulitumia, na wenye eneo wakaona biashara. Wakazamisha humo vitu vya kutazama, ikiwamo meli kuukuu ya chuma iitwayo Stanegarth, iliyotoswa mwaka 2000. Kando ya maji pana duka la vifaa, mahali pa kujaza mitungi hewa, na pa kupata chai moto na chakula, maana anayetoka kwenye maji yale hutoka akitetemeka.

Ni maji baridi, hayana matumbawe wala samaki wa rangi za kupendeza. Lakini Mwingereza wa kawaida, fundi bomba au mwalimu, hawezi kwenda Bahari ya Shamu kila Jumamosi. Anakwenda palipo karibu, anafurahi, anakula, anarudi nyumbani jioni. Muuza chai wa pale anaishi kwa fedha ya jirani, si ya mtalii wa mbali.

Ifakara hailazimiki kuzamisha chochote ndani ya mto wake. Vya kutazama vipo tayari, na baadhi yake havipatikani kwingine kokote duniani. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mkazi wa mji huo, mwalimu wa Mlimba, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero au dereva wa lori la mpunga kwamba Jumapili anaweza kulipia saa mbili za raha mtoni, na akazipata bila kuhatarisha maisha.

Ieleweke mapema kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayeshauri watu wavae mitungi ya hewa na kuzama Mto Kilombero. Masika maji huwa tope tupu, mtu haoni kiganja chake. Kiangazi yanapotulia na kupungua, mamba na viboko nao huwa wamejikusanya humo humo. Raha ya mto huu iko juu ya maji, ndani ya mtumbwi.

Mtumbwi wenyewe ni utaalamu wa watu wa bonde. Wandamba wamekuwa wakichonga mitumbwi ya gogo moja na kupita kwenye vijito na madimbwi ya bonde hili tangu kabla ya barabara wala reli. Mzee wa Kindamba anayesukuma kwa upondo kwenye maji mafupi na kushika kafi kwenye kina hahitaji cheti kujua kiboko amelala wapi. Anajua kwa mapovu, kwa jinsi matete yalivyolala, na kwa ndege walivyotua.

Mwezi Agosti alfajiri ukungu hukaa juu ya maji hadi jua linapopanda. Upande mmoja milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta, upande wa pili ni vilima vya kuelekea Mahenge. Mayungiyungi yanafunguka. Kwazi analia juu ya mti mkavu na sauti yake inafika kijiji cha pili. Kwenye kingo za udongo zilizokatwa na maji, keremkerem wametoboa mashimo ya viota yasiyo na idadi, wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala. Mnandi ametandaza mabawa yake kuyakausha. Mbele kidogo kuna dago la wavuvi, moshi wa kubanika samaki unanukia, na hapo mtu aliyetoka mjini bila kunywa chai anakumbuka kuwa ana njaa.

Yote hayo mkazi wa Ifakara anayasikia kwa wavuvi, lakini wakazi wengi wa mjini hawajawahi kuyaona. Wanaujua mto kwa njia mbili tu: ulipofurika ukachukua mpunga, na walipouvuka kwenda Ulanga.

Katika matete ya mto huo anaishi mnana wa Kilombero, ndege mdogo wa manjano, wa ukoo wa ndege wafumao viota. Wataalamu walimtambua rasmi kuwa ni spishi ya pekee mwaka 1990, na haonekani popote duniani isipokuwa katika bonde hili. Mwaka 2021 ndege wengine wawili wadogo wa matete ya bonde hilo hilo walipewa majina ya kisayansi kwa mara ya kwanza, ingawa walikuwa wakisikika wakilia hapo kwa miaka mingi. Kuna watu katika nchi za Ulaya na Marekani wenye daftari la ndege waliowaona, na ukurasa wa ndege hao kwao ni deni. Hao ndio wanaosafiri kilometa zaidi ya 400 kutoka Dar es Salaam, wanapita Mikumi, wanafika Ifakara, na kusimama ukingoni mwa mto na darubini shingoni.

Walikuwa wakisimama pale kivukoni. Kabla ya daraja, kivuko kilikuwa soko. Gari likingoja pantoni, abiria hushuka, hununua samaki wa kukaanga, karanga, ndizi, maji. Kivuko hicho kilikuwa na hatari zake. Januari 2016 kilizama kwa dhoruba kikiwa na watu na magari. Ndiyo maana Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384, lililozinduliwa Mei 2018, lilipokewa kwa shangwe pande zote mbili za mto, na ni haki yake. Mgonjwa wa Ulanga anayekimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Fransis hangoji tena pantoni.

Lakini basi lisilosimama halinunui karanga. Daraja limeokoa saa za abiria na limeondoa foleni iliyokuwa ikiwalisha wachuuzi. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9 za lami, nayo imefanya safari ya kutoka Mikumi iwe fupi zaidi, maana yake pia ni kwamba msafiri ana sababu chache zaidi za kulala njiani. Mfanyabiashara mdogo aliyezoea kuuza kwa watu waliokwama sasa anatakiwa kuwauzia watu wanaosimama kwa hiari yao. Hiyo ni biashara nyingine kabisa, na watu hawasimami bila kitu cha kuwasimamisha.

Kitu hicho ni mto, na mteja wa kwanza si mzungu mwenye darubini. Huyo ni mmoja kwa wiki, pengine kwa mwezi. Mteja wa kwanza ni yule anayeishi hapo hapo. Ifakara ni mji wenye hospitali kubwa, vyuo, mabenki, na taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957 na leo inajulikana duniani kwa kazi yake juu ya malaria. Watafiti, wanafunzi na wageni wa semina hujaza gesti za mji siku za kazi. Jumamosi wanafanya nini? Walio wengi hukaa baa, au hulala.

Hesabu yake si ngumu. Ikichukuliwa kwa mfano mtumbwi unaobeba abiria wanne, kila mmoja akalipa Sh 10,000 kwa saa mbili, safari moja ni Sh 40,000. Safari mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili, ni Sh 160,000 kwa wikendi. Ukitoa ujira wa wapiga kafi wawili na matengenezo, bado kinabaki kitu kinachozidi faida ya magunia kadhaa ya mpunga yaliyouzwa Juni kwa bei ya kutupa. Hapo hajahesabiwa mama lishe atakayewapikia wali na perege wakirudi, wala kijana wa bodaboda aliyewaleta kutoka mjini.

Faida nyingine ya biashara hii ni majira yake. Mto unafaa kwa matembezi kuanzia Juni au Julai maji yanaposhuka hadi mvua za Novemba zinapokaribia. Hicho ndicho kipindi ambacho mpunga umeshavunwa, mkulima ana fedha mkononi na hana kazi shambani. Wajasiriamali wengi wa vijijini huhangaika kutafuta shughuli isiyogombana na kilimo. Hii haigombani nacho, inasubiri zamu yake.

Upande wa milimani mambo ni hayo hayo, na pengine kupuuzwa kwenyewe kumezidi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na lango lake kuu liko Mang'ula, mahali ambapo treni ya TAZARA inapita na basi la Ifakara linapita. Haina barabara ya magari ndani. Kila mtu anatembea kwa miguu, tajiri na maskini. Maporomoko ya Sanje yanaanguka meta 170, na kuna vidimbwi ambamo mtu aliyepanda mlima kwa jasho anaweza kuingia na kuoga maji ya baridi. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kiwango kidogo sana kulinganisha na cha mgeni. Hata hivyo, wapo watu waliozaliwa Mang'ula na kuzeekea hapo bila kufika juu ya Sanje.

Sababu zao zipo na hazifai kubezwa. Kwa wengi wao mlima ule ni habari ya kuni. Wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi hadi mwaka 2011 ruhusa hiyo ilipofutwa. Mama aliyezuiwa kuokota kuni hawezi kuambiwa siku ya pili kwamba sasa aje kutembea kwa kujifurahisha. Anayetaka kuwageuza wakazi hao kuwa wateja au waongozaji wa wageni aanze kwa kulijua hilo.

Na bado maajabu yanaibukia pale pale walipo. Katika msitu wa Magombera, uliopakana na mashamba ya miwa, mtafiti mmoja kutoka Uingereza alimshtua nyoka aliyekuwa akila kinyonga. Nyoka akamtema kinyonga na kukimbia. Kinyonga huyo alikuwa hajawahi kuandikwa na sayansi, na mwaka 2009 alitangazwa kwa jina la msitu huo. Kule Kihansi, karibu na Mlimba, chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996 alitoweka porini baada ya maji ya maporomoko kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Watoto wa shule za New York walimwona chura huyo akitunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx kabla ya kurejeshwa nchini mwaka 2010. Itafutwe shule moja ya msingi Ifakara ambayo wanafunzi wake wamepelekwa kuona alikotoka.

Wageni wameshajua thamani ya maji haya. Kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, inayoumwagia maji Mto Kilombero, kuna samaki mkali mwenye meno marefu yaliyochongoka, anayeweza kuwa mzito kuliko mtoto wa miaka miwili. Kwa zaidi ya muongo mmoja wavuvi wa mchezo kutoka Afrika Kusini, Ulaya na Marekani wamekuwa wakija kambini huko, wakilipa maelfu ya dola kwa wiki, kumvua samaki huyo kwa ndoano, kumpiga picha na kumrudisha majini akiwa hai. Hapo ndipo lile swali la mtu wa Ifakara linapata jibu: samaki mmoja aliyeachwa aishi anaweza kulipiwa mara nyingi, na aliyekaangwa analipiwa mara moja. Wa kukaanga atakuwapo siku zote, na lazima awepo. Lakini ni vyema muuza samaki ajue kwamba bei ya pili ipo.

Vikwazo si vidogo. Cha kwanza ni usalama, na hapa pasifanyike mzaha. Mtumbwi wa gogo hupinduka, na mto una mamba. Safari za kuuza ziwe za mtumbwi mpana au boti ya mbao iliyokaguliwa, kila abiria avae boya, watoto wadogo wasipakiwe, na safari isifanyike usiku wala masika. TASAC ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, na mwenye nia ya biashara hii aanzie huko badala ya kusubiri afuatwe baada ya ajali. Ajali moja ya wikendi moja itaifunga biashara hiyo kwa miaka kumi.

Cha pili ni vibali. Sehemu kubwa ya bonde ilikuwa Pori Tengefu, na mwaka 2023 ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Wapo wakulima na wafugaji waliojikuta ng'ambo ya mpaka, na machungu yao hayajaisha. Kwao neno "hifadhi" lina maana ya askari na faini. Kumwambia mtu kama huyo kwamba mnana ni fahari ya taifa ni kumwongezea hasira.

Kwa upande mwingine, kilichosababisha pori kupandishwa hadhi ni cha kweli. Bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, likiwa na hekta 796,735. Wakati huo ilielezwa kwamba karibu asilimia 75 ya sheshe wote duniani, yule swala wa tindigani, walikuwa hapa. Tangu hapo wamepungua mno, mashamba na mifugo vilivyozidi kusogea mtoni. Na maji ya bonde hili ndiyo zaidi ya nusu ya yale yanayoingia Rufiji na kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Hakuna Serikali itakayoliacha bonde likauke.

Kwa hiyo swali si kama bonde litalindwa, bali ni nani atapata riziki kwa kulindwa kwake. Hapo ndipo TAWA na halmashauri za Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi zinapotakiwa kuonyesha ukarimu. Leseni ya kampuni ya utalii inayomiliki magari na kambi isiwe ndiyo hiyo hiyo anayotakiwa kuilipia mzee mwenye mtumbwi mmoja. Kikundi cha wavuvi kumi chenye maboya na chombo kilichokaguliwa kipewe eneo la mto, muda maalumu na ada ya kumudu, kwa masharti kwamba wakiona wavu wa macho madogo au sumu majini wanatoa taarifa. Kijana anayelipwa ili wageni wamwone sheshe ana sababu ya kumtaka sheshe aendelee kuwapo. Yule anayefukuzwa tu hana.

Wapo watakaosema mkulima hana muda wa kujifurahisha. Hao waende minadani na kwenye vibanda vya pombe mwezi Julai, mpunga ukishauzwa, wahesabu. Fedha ya raha ipo, na kila mwaka inatumika. Inakwenda kwa mwenye baa na kwa mwenye muziki, na sehemu kubwa yake inaondoka mjini na lori la bia lililoileta.

Kwa sasa mgeni anayekuja kumtafuta mnana hushuka garini karibu na daraja. Hutazama matete kwa darubini, huandika kitu kwenye daftari, hununua chupa moja ya maji. Wavuvi wako chini yake wanafungua nyavu, mitumbwi mitatu imefungwa ukingoni, na hakuna anayemuuliza kama anataka kuvuka upande wa pili ambako ndege ni wengi zaidi. Baada ya nusu saa anaingia garini na kuondoka kwenda kulala Mikumi.